Kuwinda kwa upinde mwezi Julai katika pori usilolijua

Kijana mmoja wa Ujiji ameniletea swali hili:

"Mzee, shikamoo. Nimejifunza upinde wa kisasa, ule wenye puli, na shabaha yangu sasa ni nzuri. Rafiki zangu wa Tabora wanaomba leseni ya uwindaji wa wenyeji na wamenikaribisha niungane nao msimu ukifunguliwa Julai, kusini mwa Sikonge. Pori hilo sijawahi kulikanyaga. Nimetazama video nyingi za Wamarekani wanavyowinda paa wao kwa upinde mwanzoni mwa msimu, wengine juu ya mti, wengine karibu na maji. Nianze wapi kupanga? Kambi niweke wapi? Nitafute mnyama gani? Na je, nikae majini nisubiri?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne, na naanza na la mwisho kwa sababu linaweza kukupeleka mahakamani. Majini usikae. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza chambo, sumu, nyavu, mitanzi, mashimo, uzio, mbwa, taa za usiku na kuwinda ukiwa ndani ya gari. Kuhusu visima, madimbwi na mahali wanyama wanapolamba chumvi, inamtaka mwindaji akae mbali. Hata kama sheria ingenyamaza, bado ningekukataza. Kiangazi kikishika, mnyama wa Tabora hana maji mengine ya kuchagua. Kumngoja kwenye dimbwi lake ni kumkamata kwa kiu, na huo mimi siuiti uwindaji.

Sasa karatasi. Kukaribishwa na rafiki hakukupi haki ya kuua hata kwale. Leseni hutolewa kwa jina la mtu, haiazimwi, na inataja mnyama na idadi yake. Kwa hiyo omba ya kwako. Ukifika ofisi ya TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, usiulize tu "naweza kuwinda?" Uliza juu ya upinde wenyewe: wa aina gani, wenye nguvu gani ya kuvuta, chembe (ncha kali ya mshale) ya namna gani, kwa mnyama yupi. Jibu lake liwe kwenye maandishi. Kama upinde haukutajwa kwenye kibali chako, uache nyumbani, maana askari atakayekukuta porini hana sababu ya kuamini maneno. Na mishale yako iwe safi. Wawindaji wengi wa zamani wa nchi hii walitegemea sumu, ndiyo maana mshale mwembamba wa nyasi na upinde mwepesi viliwatosha. Leo sumu ni kosa, kwa hiyo kazi yote imebaki kwa wembe wa chembe na mahali utakapoingia. Hilo nitalirudia.

Jambo la mipaka watu wanalipuuza sana. Wazee wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge bado wanaizungumzia Ugalla kama pori la akiba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa miongo mingi na wageni walikuwa wakiwinda humo. Tangu 2019 Ugalla ni hifadhi ya taifa, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa mtu yeyote. Mzee wa kijiji anaweza kukuelekeza kwa moyo mweupe mahali alipowinda baba yake, nawe ukavuka mpaka bila kujua. Jumuiya za hifadhi za vijiji, kama Ipole na Uyumbu, nazo zina taratibu zake, na misitu ya hifadhi ina wenyewe, TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mwombe afisa akupe alama za mpaka wa eneo lako kwa namba, uziingize kwenye simu, kisha uchore mstari wako mwenyewe kilomita moja au mbili ndani ya mpaka. Mnyama aliyejeruhiwa hajui mpaka uko wapi, na ukiwinda juu ya mstari kabisa, utabaki umesimama unamtazama akiingia kusikokuwa kwako.

Nije kwenye hizo video. Sizidharau, wale watu wanajua kazi yao, lakini wanawinda mnyama mwingine katika nchi nyingine. Katika majimbo ya milima ya magharibi ya Marekani, kama Colorado na Idaho, wenye upinde hufunguliwa msimu mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla ya wenye bunduki. Kwao huo ni mwisho wa majira ya joto. Paa wao wa milimani, wale wenye masikio makubwa, madume bado wanakula juu kwenye majani mabichi, na pembe zao zimevikwa ngozi laini ambayo hubanduka karibu na Septemba. Mwindaji hupanda kabla ya jua, hukaa ukingoni na darubini, humwona dume kwenye mteremko wa ng'ambo, humngoja alale, kisha humzungukia. Mpango wake wote umejengwa juu ya kuona mbali.

Tabora utaona mbali kutoka wapi? Ni uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa macho ni tambarare. Ndani ya miombo jicho linafika hatua chache, kisha linakutana na shina la mtundu au la mninga, na nyuma ya shina kuna shina. Darubini beba, itakusaidia kutenganisha sikio na jani, lakini usitegemee kuchagua mnyama kutoka kilomita mbili. Huku mnyama hutafutwa kwa kuelewa kwanza nchi yenyewe: moto umepita wapi, maji yamebaki wapi, upepo unatoka wapi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako ni kwamba safari ya kwanza kwenye pori hilo uende bila upinde.

Fikiria Julai ikoje. Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili, au Mei ikichelewa. Msimu unafunguliwa 1 Julai, ardhi ikiwa na miezi kama miwili bila mvua. Nyasi zimesimama kavu, pengine zinampita mtu kimo. Mbuga, yaani mabonde tambarare ya nyasi, bado zina unyevu chini, na madimbwi yametapakaa kila upande. Maana yake ni kwamba wanyama nao wametapakaa. Mwenye bunduki mzoefu atakwambia ngoja Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua na maji yamebaki kwenye madimbwi machache ya mito, wanyama watakuwa wamekusanyika. Kwa bunduki ni kweli. Kwa upinde nakupa sababu za kupenda Julai: asubuhi ni baridi na harufu haipandi ovyo, nyasi zinakuficha hadi umkaribie, na wanyama hawajasumbuliwa tangu msimu uliopita. Ila nyasi hizo hizo zinazokuficha ndizo zitakazoharibu mshale wako. Ubua mmoja mkavu ukiguswa na mshale unaoruka unatosha kuupotosha. Basi unahitaji mahali ambapo nyasi zipo kwako na hazipo kwa mnyama, na mahali hapo Julai pana jina: ukingo wa moto.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uwindaji wenyewe.

Nchi ya miombo hukauka kutoka juu kwenda chini. Miinuko yenye mchanga hukauka kwanza na kuungua kwanza, mara nyingi Juni. Mbuga zenye udongo mweusi hubaki mbichi muda mrefu zaidi, moto ukifika ukingoni mwake unakufa wenyewe. Hivyo Julai unakuta mstari: upande mmoja majivu, upande mwingine nyasi zilizosimama. Siku za kwanza baada ya moto pale juu hapana chakula. Lakini mizizi ya nyasi za kudumu haijafa, na ingawa mvua hakuna, ndani ya wiki mbili hivi vichipukizi vya kijani vinatoboa majivu, vifupi, vitamu, vyenye nguvu kuliko nyasi kavu zote zinazovizunguka. Tohe, taya, konzi, korongo na palahala, wote jamii ya swala, wanavijua. Watakula hapo alfajiri na jioni, na mchana watarudi kwenye nyasi ndefu au kivuli. Moto wa juzi haukufai. Moto wa wiki mbili hadi nne unaopakana na mbuga isiyoungua ndio unaoutafuta.

Na siku hizi huhitaji kubahatisha. NASA ya Marekani ina ramani ya moto iliyo wazi kwa kila mtu, inaonyesha moto ulioonwa na setilaiti ndani ya saa chache, pamoja na tarehe yake. Kuanzia mwisho wa Mei, kila wiki fungua eneo lako uandike wapi pameungua na lini. Kisha tazama picha za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zinazopita kila baada ya siku tano na kuonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10. Hapo makovu ya moto ni meusi, mbuga ni za kijani, madimbwi yanaonekana. Ukiwa na karatasi ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, hamishia alama hizo kwa penseli. Ramani hizo nyingi ni za zamani, barabara na vijiji vimebadilika na mipaka ya hifadhi usiitegemee humo kabisa, lakini mito na mbuga ziko palepale zilipokuwa. Ukiwa bado Ujiji, umekaa barazani, unaweza kuwa na kingo tano au sita za kutembelea. Pakua ramani zote kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu kule mtandao utaupoteza mapema.

Safari ya bila upinde ifanye wiki ya mwisho ya Juni, kwa ruhusa ya ofisi na barua ya mtendaji wa kijiji. Usiende na rafiki zako wa mjini. Tafuta mfuga nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na hakuna anayelijua pori kama mtu mwenye mizinga ya magome iliyotundikwa humo na anayelazimika kuizungukia kwa miguu au baiskeli kiangazi kizima. Anajua dimbwi lipi hukauka Julai na lipi hufika Septemba, simba wamesikika wapi, wakata mbao wamefungua njia gani mpya. Mlipe siku yake kwa haki, mpelekee sukari, chumvi na majani ya chai, na mizinga yake usiikaribie wala usipite chini yake ukiwa na jasho. Akikwambia mahali fulani pasipitwe, usipapite, awe amekupa sababu au hakukupa.

Kwenye kila ukingo wa moto, fanya jambo moja: piga magoti usome majivu. Majivu ni karatasi nzuri kuliko mchanga. Kwato za tohe zinaacha mioyo miwili myembamba, midogo kuliko kiganja chako. Tazama kingo zake. Unyayo wa alfajiri hii una kingo kali, na ndani yake majivu yamebanwa yakang'aa kidogo. Wa jana utakuta wadudu wa usiku wamepita juu yake, wameacha vijistari kama uzi ulioburutwa, kwa sababu wadudu hao hutembea giza likiingia. Mstari wa mdudu ukiwa juu ya unyayo, mnyama alipita kabla ya usiku. Unyayo ukiwa umeukata mstari wa mdudu, alipita baadaye, pengine hayuko mbali. Kisha angalia vichipukizi: vimekatwa sawasawa na meno au bado vina ncha? Ncha iliyokatwa leo bado ina utomvu. Ya jana imegeuka kahawia. Ukikuta kingo mbili kati ya sita zenye nyayo za leo na za jana na za juzi, mpango wako umekamilika, rudi nyumbani. Usizizoee kwa kuzitembelea tena na tena, maana harufu yako nayo inabaki.

Kambi iweke mbali na maji kwa sababu niliyokwisha kusema, na mbali na kingo zako, angalau mwendo wa saa moja. Kiangazi upepo wa Tabora hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kambi iwe magharibi au kaskazini-magharibi mwa eneo unalowinda, moshi wa kuni zenu na sauti za rafiki zako zipeperukie kwingine. Fyeka na fagia ardhi kuzunguka hema hadi udongo uonekane. Julai moto wa mtu mwingine unaweza kukufikia usingizini. Usilale chini ya tawi kavu. Na wewe mwenyewe usiwashe nyasi ili kujitengenezea ukingo, hata kama utasikia kwamba kila mtu anafanya hivyo.

Saa zipange kwa jua la magharibi. Wewe wa Kigoma unajua jua letu linachelewa: Sikonge mwezi Julai linatoka karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni. Kuwinda usiku ni marufuku, kwa hiyo dakika zako za thamani ni kuanzia mwanga unapotosha kuona hadi kama saa tatu na nusu, kisha saa mbili za mwisho za jioni. Jioni nakushauri usirushe mshale jua likiwa limekaribia kuzama, maana hutakuwa na mwanga wa kufuata damu.

Mnyama gani? Mchukue tohe, kama leseni yako itamtaja. Dume ana uzito wa kilo 45 hivi, pembe fupi zilizopinda mbele, na jike hana pembe, kwa hiyo hukosei jinsia. Anaishi mbugani, anatoka kula ukingoni alfajiri, na ana tabia inayomfaa mwenye upinde: akihisi jambo asilolielewa hukimbilia kulala chini na kutulia kabla ya kukimbia kweli. Nsya ni mdogo mno, kilo 15 hivi, na haraka yake itakufanya urushe vibaya. Pongo ni mnyama mzuri lakini anakaa kwenye vichaka vizito vya kando ya mito, na akijeruhiwa humo hugeuka na kukujia. Palahala waache. Najua utawaona, na dume mweusi mwenye pembe zilizopinda hadi mgongoni akisimama kwenye majivu na jua la asubuhi, mkono utatetemeka. Ana zaidi ya kilo 200, ana nguvu ya kutembea mbali akiwa na jeraha, na akilala chini akikusubiri, pembe zile zinafagia kulia na kushoto. Mgeni kwenye pori na mgeni kwenye uwindaji wa upinde hana sababu ya kuanza naye. Mnyama mwenye mtoto, au anayeonekana ana mimba, haruhusiwi kabisa.

Upepo. Chukua soksi kuukuu, jaza majivu yaliyochekechwa, ifunge shingo. Ukiigonga kidogo, vumbi jeupe litakuonyesha hewa inakwenda wapi, hata ile ambayo shavu lako halihisi. Alfajiri kukiwa kumetulia, usidhani hakuna upepo. Hewa baridi inateremka polepole kutoka mwinuko kwenda mbugani, na inabeba harufu yako. Kwa hiyo saa hiyo usiingie ukitokea juu. Zunguka, uingie kutoka upande wa chini wa mbuga, uwe chini ya mnyama. Jua likishapasha ardhi, kati ya saa tatu na saa nne, hewa inaanza kupanda na kuzunguka bila mpangilio. Hapo kaa chini, usisogee, kula kiporo chako. Baadaye upepo wa kusini-mashariki ukishika, unaweza kusogea tena ukitokea kaskazini-magharibi. Tohe akipiga mluzi, amekwisha kukujua, na mbuga nzima imesikia. Ondoka taratibu, nenda kwenye ukingo wako wa pili. Ndiyo maana nilisema uwe na kingo mbili.

Kuhusu kurusha. Unasema shabaha yako ni nzuri, nami nakuamini, lakini ubao hausikii. Mshale wa upinde wako unakwenda labda mita 80 kwa sekunde, sauti inakwenda mita 340. Kwenye mita 20, mnyama anasikia mlio wa upote, ile kamba ya upinde, karibu moja ya tano ya sekunde kabla mshale haujafika, na muda huo unamtosha kuinama tayari kuruka. Kwenye mita 40 muda huo ni mara mbili, na mahali ulipolenga hapapo tena. Kwa hiyo jiwekee mita 25 kuwa mwisho, na tohe mwenye kichwa juu, masikio yamekuelekea, usimrushie hata akiwa kwenye 15. Ngoja ainame ale. Fanya mazoezi ukiwa umepiga magoti, umevaa nguo utakazovaa, baada ya kutembea hadi pumzi ibadilike, maana porini hutasimama wima kama kiwanjani.

Na usilenge kama wale wa kwenye video. Paa wa Marekani hulengwa nyuma kidogo ya bega. Moyo na mapafu ya wanyama wetu vimekaa mbele zaidi na chini zaidi, karibu vimefichwa na bega lenyewe. Mnyama akiwa amekupa ubavu sawasawa, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi ya chini ya kifua. Akiwa amegeuka kidogo kwenda mbali nawe ni bora zaidi, mshale utaingia nyuma ya mbavu na kuelekea bega la upande wa pili. Akiwa amekuelekea uso kwa uso, shusha upinde. Chembe iwe na makali ya kunyoa, uinoe kambini kila jioni. Sumu haipo, mwanangu; ni huo wembe peke yake unaoamua kama mnyama atakufa upesi au atateseka.

Mshale ukishaingia, usikimbie nyuma yake. Weka alama pale uliposimama na pale alipokuwa amesimama, kisha okota mshale kama ulipita. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu. Ngoja nusu saa, utamkuta karibu. Damu nyeusi nyeusi ni ini, ngoja saa mbili au tatu. Ukikuta majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, ngoja saa nyingi, inakuuma lakini ngoja, kwa sababu ukimsukuma mapema atakwenda mahali ambapo hutamwona tena, na atakufa baada ya siku mbili akiwa peke yake. Hapo mfuga nyuki wako na wewe mtasoma majivu tena. Mnyama uliyemjeruhi ni wako hata usipompata: mtafute hadi mwanga uishe, rudi asubuhi, na mwambie afisa ukweli.

Nyama Julai haisubiri. Baridi ya asubuhi inadanganya, kufikia saa sita joto linakaribia nyuzi 28. Tumbo litoke ndani ya saa moja, nyama itundikwe kivulini penye upepo, ifunikwe kwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi. Mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimguse hata kwa fimbo, kimeta kipo. Mtaarifu afisa kama kibali kinavyoagiza na uwe na karatasi ya nyama kabla haijapanda baiskeli au gari, maana kwenye kizuizi cha barabarani nyamapori bila karatasi ni ujangili, haijalishi umetokea wapi.

Limebaki la mbung'o, na sitaki ulichukulie kirahisi. Pori hilo ni lao. Wanavutwa na kitu kinachotembea na rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwa sababu chepesi wanakitoboa. Wanauma zaidi joto linapopanda, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa chini ya mti mchana. Baadhi yao wanabeba malale. Ukirudi Ujiji, ukaona uvimbe mwekundu unaouma mahali ulipoumwa, au homa inakuja na kuondoka ndani ya wiki chache, usikubali kupimwa malaria peke yake ukarudishwa nyumbani na dawa. Mwambie daktari kwa maneno wazi kwamba ulikuwa pori la mbung'o Tabora, damu itazamwe malale pia.

Leseni yako ikitoka, niandikie tarehe zako pamoja na picha ya ramani ya moto ya wiki ya tatu ya Juni. Nitakuwekea alama kwenye kingo mbili ambazo ningezitembelea kwanza, na nitakuunganisha na ofisi ya kijiji wakutafutie mfuga nyuki wa kukutembeza.